Matembezi Yanayoishia Nusu ya Njia

Mu mji wetu wa Lubumbashi, wakati wa kipwa, masomo yakiisha kufungwa na baridi ya asubuhi ikianza kupungua, tunaonaka makundi ya watu wanaotembea polepole katikati ya mji wakitazama kuta. Mbele yao kuna kijana mwenye karatasi mkononi. Anasimama, anaonyesha dirisha ao paa, anasema mwaka na jina la mzungu aliyechora nyumba ile, kisha kundi linaendelea. Wanaomfuata ni wanafunzi walio mu vakansi, wageni waliotoka Kinshasa ao Ulaya, na mara moja moja wenyeji wanaotaka kujua mji walimozaliwa.

Sisi walimu wa sekondari tunayapenda matembezi hayo, na hatuandiki hapa kwa kuyaharibu. Tunaandika kwa sababu tumeyafuata mara mingi, tumepeleka wanafunzi wetu, na kila mara tumerudi nyumbani na swali moja: kwa nini yanaishia nusu ya njia? Kijitabu hiki ni cha mapokeo. Kuna wanaofikiri kwamba mapokeo ni ngoma, ndoa na mavazi ya mugini tu. Lakini mji wa mine nao uko na mapokeo yake, na yameandikwa kwanza ndani ya njia ambazo bankambo wetu walipitia wakienda kazini. Anayeongoza watu kwa miguu ndani ya mji anafanya kazi ya mapokeo, akijua ao asijue. Kwa hiyo ni haki kazi yake ipimwe.

1. Mazuri kwanza

Mji huu ulianza mwaka 1910, kwa jina la Élisabethville, chini ya Emile Wangermée aliyekuwa mkubwa wa Comité Spécial du Katanga. Mwaka ule ule, mwezi wa tisa, treni ya kwanza ilifika kutoka Rhodesia. Mwaka 1911 Union Minière ilimimina shaba ya kwanza kandokando ya muto Lubumbashi, na mu 1966 mji wote ukapewa jina la muto ule. Kwa miaka mingi hakuna mtu aliyeziita nyumba za zamani urithi. Zilikuwa nyumba za bazungu, kisha zikawa nyumba za serikali ao za matajiri, basi.

Fikra zilianza kubadilika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mu 2000 walimu wa Universite ya Lubumbashi pamoja na Musée walianzisha kazi ya Mémoires de Lubumbashi, wakakusanya maneno, picha na vitu vya nyumbani vya wenyeji. Baadaye, katikati ya miaka ile, zikaja siku za urithi, ambazo watu waliongozwa kwa miguu kutazama majengo ya katikati ya mji. Mu 2008 kikatoka kitabu kikubwa juu ya usanifu wa Lubumbashi tangu 1910. Matembezi ya leo ni watoto wa kazi ile, na tunawashukuru walioianzisha.

Faida iko, na sisi tumeiona kwa macho. Mwanafunzi anayepita kila siku mbele ya kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo bila kuinua kichwa, siku ile anakiinua. Anajua kwamba mu mji wetu kuna sinagogi tangu miaka karibu mia, kwa sababu Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes walifanya biashara hapa. Anajifunza kwamba jengo la 30 Juin, ambamo wabunge wa jimbo wanakaa, lilijengwa mu miaka ya 1950 kuwa teatro. Tena, nyumba nyingi za zamani, zile zenye baraza pana na paa la mabati, zinaangushwa moja moja ili magorofa ya duka yasimame. Mtu hawezi kulilia kitu ambacho hakujua kama kiko. Kwa hiyo matembezi yanasaidia, na anayesema yafutwe hatuko pamoja naye.

Kuna wenzetu wanaosema vile. Wanasema: «Hizi ni nyumba za mkoloni, ziache zianguke.» Sisi tunajibu kwamba mkoloni alichora, hakujenga. Tutarudi ku neno hili.

2. Siku ya posho moja

Tusimulie sasa matembezi moja tuliyofuata mwezi wa saba, siku ya posho, tukiwa na wanafunzi ishirini na wawili. Tulianzia Posta, mbele ya sanamu ya Moïse Tshombe. Kiongozi wetu alikuwa kijana mwenye adabu, Kifaransa chake kizuri, na alikuwa amesoma. Alitueleza kwamba Tshombe alitangaza Katanga kujitenga tarehe 11 mwezi wa saba 1960, na kwamba mambo yale yaliisha mwezi wa kwanza 1963. Kisha akageuka atuonyeshe balkoni za nyumba iliyokuwa ng’ambo ya barabara.

Mwanafunzi mmoja msichana akainua mkono. Akauliza kwa Kiswahili:

«Yaya, na Lumumba alipitaka wapi?»

Kijana akatabasamu. Akajibu kwa Kifaransa kwamba hilo halimo mu mzunguko, circuit, wa leo. Tukaendelea.

Hatumlaumu yeye, karatasi aliyopewa ilikuwa hivyo. Lakini swali la yule mtoto lilikuwa swali la historia, na jibu lake liko mu mji huu. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walishushwa mu ndege kule Luano. Walifungwa na kupigwa mu nyumba ya mzungu mmoja, ile inayoitwa villa Brouwez, na usiku ule ule wakauawa kule Shilatembo, kilometa karibu hamsini na mji. Mwezi wa sita 2022, jino la Lumumba, kitu pekee cha mwili wake kilichobaki, lilirudishwa kutoka Ubelgiji, na sanduku lake likapitishwa hata Shilatembo kabla ya kuzikwa Kinshasa. Inchi yote ilitazama. Hakuna anayeomba kundi la miguu lifike Shilatembo. Lakini kusimama mbele ya Tshombe dakika kumi bila kutaja jina la Lumumba ni kazi ngumu kuliko kulitaja. Mtu anapaswa kujikaza kwa kuliepuka.

Mbele ya jengo la 30 Juin, kijana akatupa jina la wasanifu, mwaka, na maneno mazuri juu ya mistari ya paa. Hapo mvulana mmoja, mtoto wa mwashi, akauliza: «Na matofali nani alibebaka?» Wenzake wakacheka. Kijana naye akacheka. Sisi pia, tuseme ukweli, tulicheka.

Tulipofika nyumbani tuliona kwamba lile njo lilikuwa swali kubwa la siku.

3. Nani alibeba matofali

Katanga ni inchi ya vichuguu. Mtu yeyote aliyetoka nje ya mji ameviona: vingine vinapita kimo cha nyumba. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa tofali. Hata leo, kandokando ya mji, waashi wanabomoa kichuguu, wanafyatua, wanapanga tanuru, wanachoma kwa miti ya pori. Mji wa kwanza ulijengwa kwa udongo wa namna ile. Kila tofali la kanisa na la nyumba zile za zamani lilishikwa na mikono: ya mfyatuaji, ya mchomaji, ya mbebaji, ya mwashi msaidizi. Majina yao hayamo mu karatasi ya kiongozi hata moja.

Watu wale walitoka wapi? Wengi hawakuzaliwa hapa. Tangu 1910 Bourse du Travail du Katanga ilitafuta wafanyakazi mu magini. Wengine walitoka Rhodesia ya Kaskazini, wengine Lomami na Kasai, wengine Ruanda-Urundi. Wazee waliita Union Minière Changa-Changa, kwa sababu iliwachanga pamoja watu wa makabila mingi. Jina hilo moja linafundisha kuliko ukurasa mzima wa kitabu. Anayelisikia anaelewa mara moja mji huu ni mji gani. Lakini mu matembezi yote tuliyofuata hatujalisikia hata mara moja, kwa sababu ni neno la Kiswahili, na matembezi ni ya Kifaransa.

Tukirudi kwa wale wanaotaka nyumba za mkoloni zianguke: tukiziacha, tunaangusha kazi ya bankambo wetu pamoja nazo. Ukuta ule una wenyewe wawili, na mpaka sasa anatajwa mmoja tu.

4. Mpaka usioonekana

Matembezi yale yaliisha namna gani? Tulifika mwisho wa mtaa fulani, karibu na mahali ambapo mji wa bazungu uliishaka zamani. Kijana akafunga karatasi yake, akasema: «Tunaishia hapa.» Akatushukuru. Mbele yetu njia ilikuwa inaendelea, watu wakipita na mikokoteni na mapikipiki kwenda Kamalondo na Kenya, ila sisi tuligeuka.

Wapenzi wasomaji, mahali pale panastahili kusimama kuliko mahali pengine pote. Wakoloni waliuweka mji wao upande mmoja na sité ya weusi upande mwingine, na katikati wakaacha eneo lililoitwa zone neutre. Walitoa sababu ya afya: eti umbu wa malaria haruki mbali, basi tukiwaweka weusi mbali, umbu atachoka njiani. Lakini boyi aliyepika chakula chao, akafua nguo zao na kulea watoto wao alivuka kila asubuhi, na umbu hakumuulizwa. Usiku mtu mweusi hakuruhusiwa kubaki mu mji wao bila karatasi. Eneo lile halikubaki tupu. Polepole lilijaa nyumba na taasisi, na leo mtoto analivuka bila kujua. Kamalondo, ambayo ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa jina la mfalme Albert, iko dakika chache tu kwa miguu.

Kiongozi anapowageuza watu pale pale, hata kama ni kwa sababu ya saa ao ya jua, anaweka mpaka ule upya. Mpangaji wa matembezi hakuwaza hivyo, tunajua. Ila miguu inafundisha. Mtoto aliyetembezwa mu mji mmoja tu anarudi nyumbani Katuba ao Kenya akifikiri kwamba historia iko kule, kwa wengine, na kwao kuko paka nyumba za kulala.

5. Tulivyovuka sisi wenyewe

Juma lililofuata tuliamua kuvuka. Hatukuwa na karatasi. Tulikuwa na wanafunzi kumi na mmoja, wale waliokuja tena bila kulazimishwa, na tulikuwa tumeomba wazee watatu wa Kamalondo watupokee. Mmoja alitumika Gécamines mpaka 2003, mwaka ambao watu zaidi ya elfu kumi waliachishwa kwa jina la «kuondoka kwa mapenzi». Mwingine alikuwa fundi wa reli. Wa tatu alikuwa nkambo mwanamke, aliyekulia mu kambi ya Union Minière.

Tulipita kwanza karibu na uwanja wa TP Mazembe. Wanafunzi wote wanajua majina ya wachezaji. Hakuna aliyejua kwamba timu ile ilianzishwa mu 1939 na wamisionere Wabenedikto wa masomo ya Saint-Boniface, kwa jina la Saint-Georges. Mzee wa reli alicheka: «Munajua paka vikombe!» Kisha tukakaa kivulini, na nkambo akaanza.

«Miye nilikuwaka mutoto mudogo,» akasema. «Siku ya posho mama alikuwa anabeba kikapo, tunaenda kupanga mustari. Banatupimia bunga, maharagi, mafuta, samaki ya kukauka. Ukikosa siku ile, mposho nzima unakula ku bajirani.»

Wanafunzi wakatazamana. Sisi wote mu Lubumbashi tunasema «siku ya posho» kwa samedi, na «mposho» kwa juma zima, lakini wengi wao hawakuwa wamejiuliza kwa nini. Posho ni chakula ambacho Union Minière iligawa kwa wafanyakazi. Siku ya kugawa ikapata jina, kisha juma zima likapata jina. Kalenda yetu yenyewe ni kumbukumbu ya kampuni. Nkambo alifundisha kwa dakika mbili jambo ambalo sisi na diplome zetu hatukuwahi kulifundisha, na hakuhitaji jengo lolote kwa kulionyesha.

Kisha wakafika ku 1941. Tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili mwaka ule, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara. Walikusanyika ku uwanja wa mpira, na askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa ajili yao, aliuawa pale. Mzee wa Gécamines alisema, kwa maneno ya baba yake, kwamba waliokufa walikuwa mamia. Mzee wa reli akakataa: walikuwa makumi. Wakabishana mbele ya watoto, kila mmoja akimtaja baba yake. Hesabu ya wakoloni na hesabu ya wenyeji hazikutani hata leo.

Mwanafunzi mmoja akatuuliza kwa sauti ndogo: «Mwalimu, tuandike gani?» Tukamjibu aandike zote mbili, na jina la kila aliyesema. Tunaona jibu lile lilikuwa sawa. Wazee hawakosi kukosea, na anayewapeleka watu kwa mzee kana kwamba kila neno lake ni Injili anafanya kosa lile lile la karatasi. Lakini mzee anajua jambo ambalo karatasi haisemi: kwamba watu bado wanabishana, maana yake jambo halijaisha.

6. Ku gare

Sasa tufike ku jambo ambalo lilitusumbua zaidi, na hapa lawama inaturudia sisi.

Kwa kurudi tulipita ku gare. Mzee wa reli alisimama, akaeleza vizuri: namna reli ilivyotoka kusini mu 1910, namna ilivyofika mpaka Ilebo mu 1928, wakati ule Port-Francqui, na namna kwa njia ile watu wa Kasai waliletwa kwa wingi kutumika mu mine na ku reli. Akanyamaza. Kisha akasema polepole:

«Na mu 1992, ku reli ile ile, banabarudisha.»

Wote tunajua alichosema. Mu 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mu Katanga. Wengi walizaliwa hapa, hata baba zao walizaliwa hapa. Kule Likasi na Kolwezi, na hata hapa, jamaa nzima zililala ku gare na mizigo yao, juma kwa juma, wakingojea treni. Watoto walikufa pale, na wengine wakafa njiani. Waliobaki, na waliorudi baadaye, wanaishi katikati yetu. Watoto na wajukuu wao wanakaa mu kalasi zetu, benchi moja na watoto wa wale waliowapigia kelele.

Mwanafunzi mmoja wa kundi letu aliangalia chini. Tulijua jamaa yake ilitoka wapi. Mzee alitutazama, akingojea sisi walimu tuseme neno. Tukasema: «Haya, twende, jua linakuwa kali.»

Tumelifikiri neno lile siku mingi. Juma moja mbele, tulikuwa tumemchekea kijana mwenye karatasi kwa sababu alikataa kumtaja Lumumba. Sisi, bila karatasi, tulifanya vile vile. Tulivuka mpaka wa bazungu kwa furaha, tukasimama mbele ya mpaka wetu wenyewe. Kuzungumza juu ya ubaya wa mkoloni ni rahisi, kwa sababu mkoloni hayuko mu kundi. Ni vigumu pale ambapo waliotenda na waliotendewa wanatembea pamoja.

Kule Zanzibar, anayeongozwa mu Mji Mkongwe anapelekwa mpaka ku kanisa la Waanglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa, soko ambalo lilifungwa mu 1873. Kidonda kiko katikati ya matembezi. Wageni wanashuka, wananyamaza, wanatoka, na matembezi yanaendelea. Hakuna aliyekufa kwa kusikia. Hatusemi mambo ya watumwa na mambo ya 1992 ni sawa. Tena kule miaka ni mingi, na hapa mashahidi wangali wazima. Tunasema tu kwamba matembezi yanaweza kubeba jambo zito, yakipangwa kwa heshima.

7. Lugha na wakati

Kuna kitabu kimoja ambacho kila anayeongoza watu mu Lubumbashi angepaswa kukisoma. Kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Kiliandikwa mu 1965 na André Yav, kwa ajili ya chama cha boyi wa zamani, na ndani yake ni Kiswahili chetu, kile tunachosema nyumbani, bila kukipiga pasi. Mwanachuoni Johannes Fabian alikitoa mu 1990 pamoja na tafsiri. Watu waliofua nguo za bazungu waliandika historia ya mji wao wenyewe, kwa lugha yao wenyewe. Miaka sitini imepita, na sisi tunaongoza watoto wao kwa Kifaransa peke yake, tena juu ya madirisha.

Hatukatai Kifaransa, tunakifundisha na tunakula mkate wake. Wageni wana haki ya kuelewa. Lakini Changa-Changa, posho, boyi, kapita, kambi, hayo ni majengo pia. Ukiyatafsiri yote, unayabomoa. Na zaidi ya hapo, mzee wa Kamalondo anayesikia Kifaransa kizito cha kitabu ananyamaza. Anafikiri hana la kusema. Akisikia Kiswahili, anaongeza.

Haraka iko. Mlima wa mabaki ya shaba, le terril, ambao pamoja na cheminée ni sura ya mji huu, unachimbwa upya tangu 2000 hivi kwa ajili ya kobalti. Tuliokuwa watoto wakati ule tunaukumbuka mkubwa zaidi. Hata mlima unaweza kwisha. Wazee wanaisha haraka kuliko mlima. Katika wale watatu waliotupokea, mmoja ametuacha kabla hatujamaliza kuandika maneno haya: nkambo wa posho. Maneno yake yako mu daftari la mwanafunzi mmoja, kurasa nne na nusu. Kama tungengojea kipwa kingine, yasingekuwa popote.

8. Tunapendekeza nini

Mwalimu asiyesema afanyeje anapoteza wakati wa msomaji. Basi tunapendekeza kwa vijana wanaoongoza, na kwa vyama vinavyowatuma, mambo haya manne.

La kwanza, njia ivuke. Ianzie Posta, ipite teatro na kanisa kuu, isimame mu zone neutre na kueleza mahali pale ni nini, kisha iingie Kamalondo. Ni mwendo wa asubuhi moja kwa mtu anayeanza mapema, kabla ya jua na vumbi.

La pili, waongoze wawili: kijana mwenye karatasi na mzee mwenye kumbukumbu. Mmoja anatoa mwaka na jina la msanifu, mwingine anatoa jina la aliyebeba tofali. Wakibishana, vizuri, watoto waone namna historia inavyopimwa. Na mzee alipwe sehemu ya fedha ya tikiti kama kijana. Tumeona mara mingi mzee akipigwa picha, akishukuriwa, na kuachwa na kiu.

La tatu, pawe na matembezi ya Kiswahili, angalau mara moja kila mposho wakati wa vakansi, na wanafunzi waandike. Daftari hizo zisibaki nyumbani. Ziwekwe masomoni ao Musée, ambapo mtu mwingine anaweza kuzisoma.

La nne, kundi lisimame ku gare. Hatuombi hotuba. Kiongozi aseme miaka: 1910, 1928, 1992. Aseme reli ile iliwaleta nani, na iliwaondoa nani. Kisha anyamaze kidogo, na anayetaka kusema aseme.

Sisi tutaanza na hilo la nne, kwa sababu njo tulilishindwa. Kipwa kinachokuja, Mungu akitujalia, tutarudi ku gare na mzee wa reli pamoja na wanafunzi wetu. Yule aliyeangalia chini tulikwisha kumwomba ruhusa. Alifikiri siku mbili, kisha akatuambia kwamba atakuja na nkambo wake.